Kaunta ya Jikoni na Neno Tulilochelewa Kulisikia

Tunaomba ruhusa ya wasomaji wa ukurasa huu wa familia tuzungumze jambo dogo. Jambo lenyewe ni kaunta ya jikoni. Kwa muda wa miezi minane nyumba yetu ilikuwa na mjadala: tuibomoe kaunta yetu ya saruji na kuweka jiwe la graniti, au tuiache kama ilivyo? Wapo watakaosema kwamba gazeti la Waislamu lina mambo mazito zaidi ya kuandika. Nasi tulidhani hivyo hivyo, mpaka tulipoona jinsi jambo hili dogo lilivyotufunua.

Tunaposema "sisi" katika makala haya tunakusudia watu wawili wanaoishi chini ya paa moja, mume na mke, pamoja na watoto wao watatu. Lakini ni haki ya msomaji kufahamu tangu mwanzo kwamba anayeshika kalamu ni baba wa nyumba, na kwamba sehemu kubwa ya makosa yatakayosimuliwa ni yake. Mama watoto ameyasoma maneno haya kabla hayajatumwa gazetini. Amefuta mawili, na mengine ameyaridhia.

Nyumba yetu ipo Mwanza, kwenye mteremko wa kilima, katika mji ambao watu huuita Jiji la Miamba. Ukuta wetu wa nyuma umeegemea jiwe kubwa la graniti ambalo mafundi walishindwa kulivunja, wakaona afadhali walifanye sehemu ya uzio. Watoto huanika juu yake sare zao za madrasa. Njiani tuteremkapo kwenda mjini huwapita akina mama waliokaa chini ya miavuli, nyundo mikononi, wakiponda mawe kuwa kokoto na kuziuza kwa ndoo. Kwa hiyo jiwe kwetu si kitu kigeni. Kilichokuwa kigeni ni kusikia kwamba jiwe la namna hiyo hiyo, likishakatwa, likang'arishwa na kuvuka bahari kutoka India, huuzwa kwa mita, na kwamba mita chache zake zaweza kumaliza ada ya mtoto ya mwaka mzima.

Kaunta yetu ilijengwa mwaka tuliohamia, kabla hata dari haijapigwa. Fundi aliijenga kwa matofali ya kuchoma, akaipaka saruji, akaipiga niru na kuacha nafasi ya sinki. Hakuna aliyemtajia kimo. Alikikisia kwa jicho, nasi tulikuwa na haraka ya kuondoka katika nyumba ya kupanga. Baada ya miaka 7 niru ilikuwa imechubuka, ufa umetoka kona ya sinki hadi ukutani, na maji yakipenya kila siku mpaka kwenye kabati la chini. Mbao zilivimba, milango ikakataa kufunga, na usiku mende walitembea humo kama wenye hati ya nyumba.

Jioni moja ya mwezi wa Rajabu mama watoto alisimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, akasema, "Baba watoto, kaunta hii inanimaliza."

Ilitokea kwamba wiki ile ile tulikuwa tumealikwa akika kwa jirani yetu. Jirani huyo, Mungu ambariki, alikuwa ametoka kukarabati jiko lake na kuweka graniti nyeusi yenye chembe zinazometa. Wanawake walioingia jikoni kupakua pilau walitoka na habari za jiwe hilo, na habari zikawafikia wanaume barazani kabla ya pilau yenyewe. Baba wa nyumba aliziweka habari mbili pamoja, ya jirani na ya mkewe, akajumlisha, akapata jibu lake mwenyewe: mama watoto anataka graniti.

Hapo ndipo elimu ilipotumiwa vibaya. Anayeandika haya amesoma chuo cha Kiislamu kwa miaka kadhaa, na dalili hazimpigi chenga. Alikumbusha jinsi Surat Al-Israa inavyowakemea wabadhirifu na kuwahesabu kuwa ndugu wa mashetani. Akaingia katika Surat At-Takathur na maonyo yake juu ya kushindana kwa wingi wa mali mpaka watu wafike makaburini. Akamalizia kwa hali ya Waislamu wanaolala njaa. Dalili zote zilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mahali pa kuziweka, kwa maana hakumuuliza mwenzake hata swali moja kabla ya kuanza kumjibu.

Mama watoto hakujibu. Alirudi jikoni kumalizia ugali. Baba wa nyumba aliuhesabu ukimya ule kuwa ni kukubali hoja, na katika kikao cha kamati usiku ule alikuwa mtu aliyeridhika na nafsi yake.

Palikuwa na sababu nyingine ambayo hatukuitaja siku ile, nayo tunaitaja leo kwa sababu wasomaji wengi wanaoshika amana za watu wataielewa. Msikiti wetu ulikuwa katika mchango wa kujenga upya mahali pa kutawadhia. Kila Ijumaa katibu husimama baada ya swala, akasoma majina ya waliotoa na kiasi kilichofikiwa. Wapo waliotoa elfu 50, na wapo waliotoa mia 5. Katibu huyo huyo aonekane vijana sita wakimpandishia kilimani jiwe la kung'aa? Watu watauliza fedha imetoka wapi, na wasipouliza kwa midomo watauliza kwa macho. Hofu hiyo ilikuwa na haki yake. Lakini sisi tuliivisha kanzu ya uchamungu, tukaiita zuhudi, ilhali nusu yake ilikuwa ni kuogopa watu.

Ramadhani ikaja. Kama ilivyo ada ya nyumba yetu, tulifuturisha wageni mara kadhaa: wanafunzi wa madrasa, wazee wa safu ya mbele, ndugu waliopita wakitokea Tabora. Futari za watu 30 zilitoka kwenye kaunta ile yenye ufa. Wageni walisifu sambusa na uji wa pilipili manga, wakatuombea dua, wakaondoka. Hakuna aliyeingia jikoni kuona zilikotoka.

Katika wiki ya pili ya Shawwal, mama watoto akiwa katika sita zake, mgongo ulimshika asubuhi moja akiwa anaosha vyombo. Alishindwa kunyooka. Tulimpeleka hospitali, na daktari, baada ya kumpima na kumuuliza maswali mengi juu ya kazi zake za kila siku, alimpa dawa na kumtaka apumzike asiiname kwa muda usiopungua wiki moja. Dada wa kutusaidia hatukuwa naye. Kwa hiyo jiko likamwangukia baba wa nyumba kwa siku 9.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kujifunza vitu vilipo. Siku ya pili ilikuwa ya dagaa walioungua. Siku ya tatu watoto waliomba chapati, naye akajitia ushujaa. Kukanda unga kunataka mtu alaze uzito wa mabega juu ya mikono, na kaunta ilipokuwa chini kiasi kile, uzito wote ulikwenda kiunoni. Chapati 14 zilimchukua saa nzima na dakika 40, kukanda, kusukuma na kuchoma. Alasiri, aliporukuu msikitini, alihisi kama mtu anayekunja mlango wenye bawaba za kutu. Akainuka taratibu, akashika magoti kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, na fikira ikamjia katikati ya swala, Mungu amsamehe: huyu wa nyumbani amerukuu juu ya kaunta ile kwa miaka 7.

Tunayo hadithi mashuhuri ya Bi Aisha (R.A.), ambaye alipoulizwa juu ya mwenendo wa Mtume (S.A.W.) ndani ya nyumba alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ulipofika alitoka. Hadithi hiyo tumeisomesha darasani zaidi ya mara moja. Tulikuwa tukiisomesha kama sifa ya Mtume, na ni kweli ni sifa yake. Hatukufahamu kwamba ni njia ya kujua pia. Mwenye kuhudumu mahali hukijua kinachoumiza mahali pale, na asiyehudumu hubaki na kukisia.

Usiku wa siku ya tano tulikaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa, watoto wakiwa wamelala. Baba wa nyumba alianza kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi: "Nimefikiri. Hiyo graniti tuitafute."

Mama watoto alimtazama, akacheka kidogo, kisha akaguna kwa maumivu ya kucheka. "Mimi sikuwahi kutaja graniti," alisema. "Nilisema kaunta inanimaliza. Graniti uliitaja wewe."

Tulinyamaza kwa kitambo. Kisha akaongeza, bila ukali: "Na lile kabati la vioo la sebuleni lilipoletwa, hukunisomea aya."

Msomaji mpendwa, neno hilo la pili ndilo lililotukalisha kitako. Miaka miwili nyuma tulinunua kabati la vioo kwa shilingi milioni 1 na laki 2. Ndani yake kuna vikombe ambavyo havijawahi kunywewa chai. Lilinunuliwa kwa sababu wageni wanaume hukaa sebuleni, na katibu hupokea wageni. Lilipofika, hakuna aliyekumbuka israfu. Israfu tuliikumbuka zamu ilipofika jikoni, mahali ambapo wageni hawaingii na mwenzetu husimama saa tano au sita kwa siku. Kwa hiyo mizani yetu ilikuwa na kasoro: upande wa sebule ulipimwa kwa haja ya heshima, na upande wa jiko ukapimwa kwa zuhudi.

Tangu usiku ule tulianza upya, na safari hii tulianza kwa kuuliza haja ni ipi. Mama watoto alitaja tatu: kimo, maji yasipenye, na uso usafishike. Tulichukua futi kamba. Kaunta ilikuwa na sentimita 71 kutoka sakafuni. Kiwiko chake, akiwa amesimama wima, kilikuwa kwenye sentimita 102. Mafundi wa majiko hupendelea uso wa kazi uwe chini ya kiwiko kwa sentimita kama 10 hadi 15, na kaunta nyingi za madukani huwa na karibu sentimita 90. Tukaandika 88. Kipimo hicho ni chake peke yake, kwa kuwa mtumiaji ndiye kipimo. Katika miaka 7 hatukuwahi kutumia dakika mbili kwa kipimo hicho.

Kisha tukaangalia vitu vya kufunikia. Tulijifunza mengi, na tunayaandika kwa kuwa huenda familia nyingine ipo njiani. Vigae ni rahisi na hupangusika upesi, ila viungo vyake hushika uchafu wa mafuta na samaki, na kigae hupasuka mchi ukikiangukia. Terazo ni saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe, ikasagwa na kung'arishwa. Hufanywa papo hapo na fundi wa hapa hapa, na ikifanywa vizuri hudumu miaka mingi. Marumaru yataka tahadhari ya jina, maana mitaani vigae vyote huitwa marumaru. Marumaru ya kweli ni jiwe lenye asili ya chokaa, nalo haliwezani na ukali: tone la limau, siki au ukwaju hulila uso na kuacha doa lililofifia. Kwa jiko la watu wanaokamulia samaki limau kila siku, hilo ni jiwe la majuto.

Graniti ni gumu zaidi, kwa kuwa lilizaliwa kutokana na mwamba wa moto uliopoa taratibu chini ya ardhi. Halihofii limau, na huvumilia sufuria ya moto. Lakini lina vinyweleo. Lisipopakwa dawa ya kuziba mara kwa mara, mafuta na manjano huingia ndani na kubaki. Njia ya kulijaribu ni kudondoshea tone la maji na kusubiri dakika chache: jiwe likibadilika rangi kuwa jeusi zaidi pale tone lilipo, ujue linakunywa. Jiwe lina uzito pia. Kaunta yetu ina urefu wa mita 4 na nusu na upana wa sentimita 60, yaani mita za mraba 2.7. Graniti ya unene wa sentimita 2 ingefika karibu kilo 145, na ukuta unaoibeba lazima uwe imara.

Siku ya Jumamosi tulikwenda wawili kwenye uwanja wa mawe, mama watoto akiwa amepata nafuu. Mwenye duka alitukaribisha kwa adabu, akapiga hesabu: shilingi milioni 2 na laki 1, pamoja na kukata, kusafirisha na kufunga. Alipoona nyuso zetu alitupa njia nyingine ya kulipa kidogo kidogo kwa miezi 10, kupitia mkopeshaji anayefahamiana naye, kwa nyongeza inayopanda kila mwezi unaochelewa. Hilo halikutuchukua muda. Nyongeza ya namna hiyo ni riba, na jiko linalopikiwa futari hatukutaka lisimame juu yake. Tulimshukuru, tukakataa.

Nyuma ya uwanja vijana wawili walikuwa wakikata jiwe kwa mashine ya mkono, bila maji. Vumbi jeupe liliwafunika hata kope. Mmoja alikuwa amefunga fulana puani, mwingine hakufunga kitu. Mama watoto aliuliza vumbi lile ni la nini, na mwenye duka akasema ni la kawaida. Si la kawaida. Vumbi la mawe kama graniti lina silika, na chembe zake ndogo zikiingia mapafuni hukaa humo na kuyatia makovu. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa, na humfanya mtu awe rahisi kupatwa na kifua kikuu. Mawe ya kutengenezwa kiwandani kwa kwatsi na gundi yana silika nyingi zaidi kuliko ya asili, na ndiyo sababu Australia ilipiga marufuku mawe hayo kuanzia tarehe 1 Julai 2024, baada ya wakataji wengi kuugua.

Tuliporudi kwenye gari la abiria hatukuzungumza mpaka tuliposhuka. Tulikuwa tumekwenda kutafuta jiwe la kuokoa mgongo wa mtu mmoja, tukakuta kifua cha mtu mwingine kikilipa.

Uamuzi ulichukua wiki kadhaa, na tulishauriana mara nyingi. Hatimaye tuliafikiana hivi. Kwanza, kaunta itainuliwa hadi sentimita 88 kwa kuongeza matofali na kuusuka upya ukuta wa chini. Hilo halina mjadala, nalo ndilo lililokuwa ombi la asili. Pili, jiwe litawekwa mahali pawili tu panapolihitaji, penye sinki na penye kukandia, jumla ya mita 2 na kidogo, na sehemu iliyobaki itakuwa terazo. Tatu, jiwe lenyewe litakuwa la vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu wengine. Kila uwanja wa mawe una kona ya vipande hivyo, navyo huuzwa kwa bei iliyo chini ya nusu. Nne, vipande vyetu vikatwe kwa maji na mkataji avae barakoa. Mwenye duka alisema kukata kwa maji kunachelewesha. Tulimwambia tutasubiri, na muda wa ziada wa kijana tutaulipa.

Tano, kabati la vioo liuzwe.

Gharama yote ilifika laki 9 na elfu 80. Kabati lilitupa laki 6, na laki 3 na elfu 80 zikatoka katika akiba. Ada ya Januari haikuguswa. Surat Al-Furqan inawasifu waja wema kwa matumizi ya wastani, yaliyo mbali na ubadhirifu na mbali na ubakhili pia. Zamani tulikuwa tukisoma nusu ya kwanza ya sifa hiyo kwa sauti kubwa na nusu ya pili kwa sauti ndogo. Sasa tunajua kwamba mtu anaweza kuwa mbadhirifu chumba kimoja na bakhili chumba cha pili, ndani ya nyumba ile ile.

Lilibaki suala la macho ya watu. Katibu alikwenda kwa mwenyekiti wa kamati, mzee wetu, akamweleza kila kitu: kipimo, bei, kabati, akiba. Mzee alisikiliza, kisha akamkumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipokuwa akimsindikiza mkewe Bi Safiyya usiku, wakapita Ansari wawili wakaharakisha mwendo. Mtume aliwasimamisha na kuwajulisha kuwa huyo ni mkewe, ili shetani asipate pa kutia neno katika nyoyo zao. "Mwanangu," alisema mzee, "ikiwa yeye alijieleza, wewe ni nani usijieleze? Lakini kujieleza ni kabla, si baada. Na kujieleza si kumnyima mkeo haki yake." Ijumaa iliyofuata hesabu za mchango wa mahali pa kutawadhia zilisomwa zote, mapato na matumizi, na daftari likabandikwa ukutani. Baada ya hapo ndipo kazi ya nyumbani ilipoanza.

Mwezi wa Rabiul-Awwal vijana wanne walipandisha mawe mawili kilimani. Baada ya swala siku ile mmoja wa waumini alisema kwa utani, "Katibu, tumesikia mawe yamepanda kwako." Katibu akajibu, "Yamepanda, na kabati limeshuka." Wakacheka, na yakaishia hapo. Huenda yasingeishia hapo lau daftari lisingekuwa ukutani.

Mawe yetu mawili hayafanani. La penye sinki ni la kijani iliyokoza, la penye kukandia ni jeusi lenye madoa ya kijivu. Mwanetu wa pili huuliza kwa nini tulinunua jiwe lenye ukurutu. Milango ya kabati la chini sasa inafunga, mende wamehama, na mama watoto hukanda unga akiwa amesimama wima. Mgongo haujapona wote. Daktari alisema utachukua muda, na miaka 7 haifutwi kwa tofali tatu. Siku za Jumamosi chapati ni za baba wa nyumba. Sasa zinamchukua saa moja.

Kuna jambo la mwisho, nalo mama watoto alitutaka tuliandike ili makala haya yasimfanye mtakatifu. Jioni ya kwanza, alipomaliza kupangusa jiwe, alilipapasa kwa kiganja na kusema, "Nisiseme uongo. Lile la jirani nililipenda. Nililitamani." Baba wa nyumba angeweza kurudi kwenye hotuba yake ya Rajabu na kudai ushindi. Badala yake alikumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alipoulizwa juu ya mtu apendaye mavazi na viatu vyake viwe vizuri, hakukuhesabu kupenda huko kuwa ni kiburi, alieleza kuwa kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Mke aliyetamani kitu kizuri na asikidai hakukataa haki yoyote. Aliyeikataa haki ni yule aliyesikia neno "kaunta" akajibu neno "graniti".

Ndugu wasomaji, hatuandiki haya ili kila nyumba inunue jiwe, wala ili kila nyumba ilikatae. Wapo ambao kaunta ya saruji yenye kimo sahihi inawatosha, na wapo waliojaaliwa wasaa, nao graniti nzima haiwadhuru wakitoa haki za watu. Tunachousia ni mpangilio wa maswali. Kabla ya kuuliza jirani ana nini, na kabla ya kuuliza watu watasema nini, tumuulize anayesimama pale kila siku anaumia wapi. Kisha tunyamaze mpaka amalize kujibu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, awalipe kheri wanaotupikia, awaponye wanaougua kwa kazi za mikono yao, na atujaalie masikio yanayosikia kabla ya ndimi kusema. Amin. Wabillahi tawfiq.